Siku Niliyomwangusha Mtemi

Nilikuwa nimelala juu ya mtemi wetu, nimemkumbatia miguu, kofia yake iko vumbini, na shule nzima inatutazama. Nikamwamkia: "Shikamoo, Mtemi."

Akajibu, "Marahaba. Sasa niachie miguu."

Aliyenifikisha hapo ni mwalimu wetu Mzungu. Kwao alichezea timu ya taifa katika raga, mpira ule wa mikono wenye umbo la yai, na huku Iramba akatufundisha kwenye uwanja wa mawe. Kila jioni alitupigia kelele: "Mwenye mpira hana cheo! Mwangushe!" Basi siku ya wageni mpira ukatoka nje, mtemi akauokota kwa wema wake aturudishie. Kiranja wetu, yule mshenzi, akaniita: "Wewe, mwenye mpira huyo!" Mimi nilikuwa mtoto mtiifu.

Mtemi alicheka. Wazee wake hawakucheka, wakataka nifukuzwe, na jioni ile ile nikafukuzwa. Elimu yangu iliishia hapo, darasa la tatu. Mwalimu alisimama pembeni anatazama viatu vyake, hakunitetea hata kwa neno moja.

Mwalimu, kama bado u hai, nijibu: ulisema mwenye mpira hana cheo, au hukusema?