Fundi Bomba Langoni

“Fundi, njia yako ni ya nyuma,” mlinzi wa chuo alimwambia fundi bomba, akimkumbuka tangu alipotandaza mabomba ya maabara yao.

“Leo nimekuja kama mzazi. Namtembeza binti yangu.”

“Fundi ni fundi tu, mzee.”

Binti, aliyekwisha kuzunguka vyuo vitatu bila kujua aombe kipi, akamshika baba yake mkono.

“Twende zetu, baba. Nimechagua kile cha jana.”

“Chenye mabomba yanayovuja?”

“Utawazibia. Kule mlangoni walikupa shikamoo.”

Fundi akaondoka kifua mbele, utadhani bintiye amekwisha kuhitimu.

Enyi wakuu wa chuo cha mlinzi yule, mwombeni radhi mzazi huyu, na lango la mbele mlifungue kwa kila mzazi, mwenye tai na mwenye spana.