Mpambe wa Mlangoni mwa Ribosomu

Nilifika Kibondo mwanzoni mwa 2012, mwalimu wa Baiolojia kutoka Singida, kustaafu kukiwa kunaninukia. Asubuhi ya kwanza Mkuu wa Shule, Muha mwenye adabu zake, alipiga makofi taratibu akanisalimu, "Mwakeye." Nami, nikidhani ni shikamoo ya Kiha, nikamjibu, "Marahaba," kumbe ni habari za asubuhi tu. Ofisi nzima ilicheka mpaka kengele ikagongwa.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kasulu, kwenye shule iliyokuwa ndiyo kwanza imepewa mchepuo wa sayansi, kidato cha tano. Ulikuwa wa majaribio. Mkaguzi angekuja kutazama, na asiporidhika, wanafunzi wangetawanywa mikoani, na wengi wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kuwasomesha mbali. Nilitaka niondoke mchepuo ule ukiwa umesimama.

Sasa vijana, sikilizeni kazi yenyewe. Ribosomu ni kiwanda kidogo ndani ya seli. Husoma maagizo ya kijeni, huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na mnyororo hutokea kwenye kitundu chake. Walimu wengi huishia hapo. Mimi niliona hapo ndipo utamu unapoanza. Baadhi ya asidi amino huchukia maji. Zikichomoza tu na kukutana na majimaji ya seli hukimbilia kukumbatiana ovyo, na protini hujikunja vibaya, isifae kitu. Kwa hiyo zipo protini saidizi. Husimama palepale mlangoni, zimejishikiza kwenye ribosomu, huupokea mnyororo ungali unatoka, huzikinga zile sehemu zinazochukia maji, kisha huachia protini ijikunje inavyotakiwa.

"Mtihani unauliza hayo?" Mkuu wangu mpya wa Kasulu aliniuliza.

"Hauulizi."

"Sasa unayataka ya nini?"

"Mnyororo ukiharibikia mlangoni, Mkuu, mengine yote ni kazi bure."

Alishusha pumzi kama mtu anayeomba nistaafu kesho.

Kwa ajili ya Mkaguzi nikaamua tuigize. Kasulu kuna baridi, masweta hayakosekani; waliovaa sweta wakawa ndio wachukia maji. Mlango wa maabara ukawa kitundu cha ribosomu. Protini saidizi nikamteua Yustina, binti aliyekwisha kuwa mpambe wa bibi harusi kanisani mara kadhaa, na hakuna shela iliyokanyagwa akiwepo. Mazoezini alipokea watu kwa madaha, ila kengele ilitukatiza kabla hatujafika kwenye kuachia. Nikasema si neno, kuachia kuna ugumu gani?

Siku ikafika. Mkaguzi aliketi uani, soda mezani, Mkuu ubavuni. Kundi la kwanza likatoka limeshikana mikono. Yustina akawatenganisha wenye sweta, akawapanga, akamfuta jasho mmoja kwa leso. Mnyororo ukaisha kutoka, ukajikunja, naye yumo katikati ameshikilia watu wawili.

"Yule wa katikati ni asidi amino gani?" Mkaguzi akauliza.

"Yustina, achia!" nikamwambia.

"Siwezi, Mwalimu. Bibi harusi hajakaa."

"Hakuna bibi harusi hapa!"

"Mpambe hamwachi mwenzake wima, Mwalimu. Watu watanisema!"

Wakati tunabishana, kundi la pili likaanza kutoka maabara na mlangoni hapakuwa na wa kulipokea. Sweta zikavamiana, likawa rundo, na rundo likaporomokea meza ya soda. Mkuu akashika kichwa. Mimi niliona mchepuo wangu unapanda basi la Tabora.

Mkaguzi aliinuka, suruali inachuruzika soda ya machungwa, akaliinamia rundo. "Nini kimetokea?"

Sauti ikatoka chini kabisa: "Msaidizi amegoma kuachia, Mheshimiwa. Wale wa kwanza hawawezi kufanya kazi, na sisi tumekosa wa kutupokea."

Mkaguzi akacheka mpaka akakaa. "Mkuu, hawa hawajakariri. Mchepuo ubaki."

Nilitamani kumkumbatia, ila alikuwa amevaa sweta.

Nikastaafu 2015. Yustina alikuwa amemaliza kidato cha sita, akajitolea kutufundishia Baiolojia huku akisubiri chuo. Niliagwa vizuri, kwa pilau na hotuba ndefu. Jumatatu nikarudi maabara, eti kumwelekeza kidogo. Nikasimama mlangoni. Kila sentensi aliyosema, mimi niliongezea yangu. Jumanne vilevile. Vijana wangu, kazi ina mlango wa kuingilia ambao kila mtu hukuonyesha. Wa kutokea unautafuta mwenyewe.

Jumatano Yustina aliweka chaki chini, akanifuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akanionyesha darasa kwa mkono. Wote walikuwa wameketi, kimya, madaftari wazi.

"Bibi harusi ameshakaa, Mwalimu."

Machozi yalinitoka, sitaficha. Nikatazama mkono wangu, kumbe muda wote ule nilikuwa nimeshikilia kitasa cha mlango. Nikakiachia.