Jina Moja Kwenye Fomu ya Maonyesho

Sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtunza maabara katika shule moja ya sekondari hapa Kigali, mtu wa kuosha chupa, kupima asidi na kufunga makabati. Elimu yangu iliishia sekondari. Lakini mwishoni mwa mwaka 1990 mwalimu wa fizikia alihama, akaniachia klabu ya sayansi na ufundi, na wanafunzi wakaanza kuniita Mwarimu, kwa matamshi yetu ya hapa. Ningeweza kuwasahihisha. Sikufanya hivyo, kwa sababu nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Tulikutana kila Jumatano mchana katika stoo iliyokuwa nyuma ya maabara. Tulifungua redio mbovu, tukanyoosha misumari iliyopinda, tukaunda kengele za mlango. Mara moja kwa mwaka mkaguzi wa Wizara ya Elimu alishuka kutoka Kimihurura, kilima cha ofisi za serikali, kuja kutazama kazi zetu. Klabu ilikuwa na desturi ambayo niliikuta nami nikaiendeleza: aliyetengeneza kitu si lazima ndiye aliyekieleza. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa cha wengi wao kilikaa daftarini, mdomoni hakikutoka. Kwa hiyo tulimchagua mwenye ulimi mwepesi, akavaa shati safi, akakariri. Fomu ya maonyesho ilikuwa na mstari mmoja wa jina, nami niliandika jina la msemaji. Miaka miwili nilifanya hivyo bila kuona ubaya wowote.

Mwaka 1993 mambo yakawa mengine. Mkuu wa shule aliniita ofisini akanieleza kwamba safari hii mkaguzi atapendekeza mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aingie shule ya ufundi ya serikali, sehemu ya umeme. Wakati ule Wizara ndiyo iliyoamua nani anaendelea baada ya mwaka wa tatu, na anakwenda wapi. Wengi hawakuendelea popote. "Na wewe," mkuu aliongeza, "nitamwomba akuangalie. Huenda tukakupa vipindi vya kufundisha." Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Katika klabu kulikuwa na msichana mmoja wa mwaka wa tatu, binti wa mshonaji wa mtaa wa Kabeza. Alikuwa mkimya darasani, lakini akishika bisibisi hanyamazi. Yeye ndiye aliyetengeneza sanduku la kuangulia vifaranga: mbao za kreti, balbu moja ndani, sahani ya maji, na kipande cha chuma alichokitoa kwenye pasi ya umeme iliyokufa ya mama yake. Chuma kile kilipopata joto kilijikunja na kukata umeme. Kilipopoa kilijinyoosha, balbu ikawaka tena yenyewe. Alikihangaikia majuma sita, akikipinda na kukipindua hadi mayai yakakaa kwenye joto lile lile alilolitaka.

Wenzake walimtania. "Dada, hilo sanduku litatupikia kimanda lini?" aliuliza mmoja.

"Likipika, wewe utaosha sahani," alijibu bila kuinua kichwa.

Siku nilipoijaza fomu nilikaa nayo muda mrefu. Nilijua nafasi ni moja, na nilijua sanduku ni la nani. Lakini Kifaransa chake kilikuwa kibovu kweli, na nilitaka mkaguzi aondoke amefurahi, akumbuke kwamba klabu hii ina mtu anayeiongoza vizuri. Niliandika jina la msemaji wetu wa mwaka ule, kijana mpole wa mwaka wa tatu vilevile, mtoto wa karani. Msichana nilimwambia kwamba fomu ni jambo la utaratibu tu, na kwamba mkaguzi nitamweleza mwenyewe kwa mdomo.

"Utamwambia, Mwarimu?"

"Nimekuahidi."

Mkaguzi alikuja asubuhi, mtu mnene mwenye miwani, na mkuu wa shule ubavuni mwake. Kijana alieleza vizuri mno. Alizungumzia mayai, joto na unyevu kama mtu anayesoma habari redioni. Alipofika katikati, balbu ikazimika.

Kijana akalitazama sanduku. Kisha akasema, kwa Kifaransa kile kile kizuri, kwamba anaomba radhi, balbu imeungua. Hakujua. Alikariri maneno yote lakini hakuna aliyemwonyesha kwamba kuzimika kule ndiko kazi yenyewe ilipo. Akaanza kulitikisa sanduku.

Msichana alitoka nyuma, alikokuwa amesimama na wenzake, akamshika mkono. "Acha, utavunja mayai," alimwambia kwa Kinyarwanda. Halafu akamgeukia mkaguzi kwa lugha ile ile. "Haijaungua, bwana. Imepata joto la kutosha, inapumzika. Subiri kidogo."

Sote tukasubiri. Mkuu wa shule alitazama saa yake. Kisha balbu ikawaka.

Mkaguzi akacheka kwa mshangao, akainama kuchungulia ndani. Alipoinuka akaniuliza mimi, si yeye: "Huyu binti ni nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nilihitaji kusema maneno mawili tu: ndiye aliyelitengeneza. Lakini fomu ilikuwa mkononi mwake, na jina jingine lilikuwa juu yake kwa mwandiko wangu. Nikaona mkuu atakavyonitazama, nikaona vipindi vyangu vya kufundisha vikiondoka. Nikasema, "Anatusaidia kusafisha vifaa."

"Basi msafishaji wenu ana akili," alisema mkaguzi, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Hilo la kucheka ndilo linalonichoma zaidi. Msichana alirudi mahali pake nyuma, akakunja mikono.

Walipokuwa wakielekea kwenye gari, kijana alinivuta shati. Alikuwa karibu kulia. "Mwarimu, tumwambie ukweli. Mimi sikugonga hata msumari mmoja pale."

"Nyamaza. Wameshapanda gari."

Walikuwa hawajapanda. Mlango ulikuwa wazi, na mkaguzi alikuwa bado anafuta miwani.

Majina yalipotoka, kijana alipangiwa shule ya ufundi. Msichana hakupangiwa popote. Mimi nilipewa vipindi vinne kwa wiki, mwaka wa kwanza.

Nilikwenda kwao Kabeza Jumapili moja baadaye ili niseme nilichofanya. Naieleza safari ile kwa sababu sikupata nyingine. Baada ya mauaji yaliyoanza Aprili 1994 nilirudi kuwatafuta nikaikuta nyumba wazi, haina hata mlango, na kila niliyemuuliza alitikisa kichwa. Sijui kama waliuawa au walikimbia. Sikuwahi kujua.

Jumapili ile mama yake alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Chumba kilikuwa kidogo, cherehani karibu na dirisha, vipande vya vitambaa sakafuni. Msichana alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona upindo wa sketi.

"Mwarimu, karibu, kiti iko hapa," mama alisema. "Mtoto aliniambia yote."

Nilikaa ukingoni mwa kiti. Nikasubiri.

"Aliniambia vile ulimpigania. Aliniambia ulisema na ule mkubwa wa Wizara, ukasema tena, yeye akakataa. Mwarimu, nani mwingine angefanya hivyo kwa mtoto wa mshonaji?"

Nilimtazama msichana. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Mama," nilianza, "mimi nilikuja..."

"Ngoja, simama kwanza. Mimi sina kitu ya kukupa, lakini mikono ninayo. Mwarimu hawezi kufundisha na shati tu. Nitakushonea koti nyeupe, la maabara." Alikuwa ameshachukua utepe wa kupimia shingoni. "Wewe, leta daftari, uandike."

Msichana aliweka sketi chini akachukua daftari na kalamu. Mama alinigeuza kuelekea dirishani kama mtoto, akanipima mabega, akanipima mgongo, akitaja namba, na binti yake akiziandika moja moja kwa mwandiko wake wa mafundi, mdogo na ulionyooka. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Niliyapanga njia nzima.

"Inua mikono, Mwarimu."

Nikainua. Utepe ukanizunguka kifua.

"Unapumua sana," mama alisema akicheka. "Tulia kidogo, nisikosee."

Nikabana pumzi. Nikabaki vile, mikono hewani, hadi akaitaja namba na binti yake akaiandika.