Karatasi ya Kambini na Karatasi ya Ujerumani

Kijerumani nilifundishwa na padri mmoja mzee. Kiingereza nilikifundisha mwenyewe miaka kumi na moja kwenye shule ya sekondari hapa Kalemie. Kwa hiyo karatasi ya yaya, dada yangu mkubwa, ilipofika, hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Iliwekwa tu mezani kwangu, kando ya sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Ilikuwa ya kambi ya wakimbizi ng'ambo kule Kigoma, walikokimbilia yeye na mume wake wakati wa vita. Ilikuwa kwa Kiingereza. Mume alikuwa Ujerumani, mwaka wa nne sasa, na alitaka yaya na watoto wamfuate. Bila karatasi ile kwa Kijerumani, hakuna safari.

Nikaanza. Waliomwandikisha walikuwa wamemwita kila jina la mwanamke aliyeolewa: huku wife, kule spouse, mbele ya jina Mrs. Na Kijerumani nacho kina mambo yake. Frau ni mwanamke yeyote, hata asiye na mtu. Gattin ni mke pia, ila ni la watu wa suti. Ehefrau ndiye mke mbele ya serikali. Nikaandika, nikafuta, nikasimama, nikakaa. Yaya alipita nyuma yangu kila dakika, "Umefika wapi, mwalimu?", mpaka nikamwambia achague: akae au atoke.

Akakaa. Akanipa simu: mume ametuma picha ya karatasi yake ya kule, nilinganishe majina yasipishane. Jina sawa. Tarehe sawa. Halafu, penye hali ya ndoa, neno moja: ledig. Hajaoa.

Nilikasirika. Watoto watatu, mahari ilipokelewa mbele ya wajomba wetu wote, halafu mtu anavuka bahari anakuwa kijana tena. Nilitaka kusema kichwa kinaniuma. Lakini yaya amenibeba mgongoni, uso wangu anausoma.

"Wameandika nini?"

Nikamwambia. Hakulia. Akampigia simu palepale, akaiweka mezani nisikie.

"Waliniuliza kama nimeoa," mume akasema. "Mama, wewe unajua hatujapita kanisani. Padri alitunyima komunyo miaka yote, alisema hatujaoana. Niliogopa kusema uongo kwenye biro ya serikali ya watu."

Njo hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Hapa kwetu hata mwenye wajukuu, kama hajasimama altareni, atakuambia hajafunga ndoa. Na sisi ndugu tulikuwa tukisema harusi ya kanisa itakuja tu, haraka ya nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Papa," yaya akamwambia mume wake polepole, "kule kambini, walipokuuliza mimi ni nani, ulijibu nini?"

"Nilijibu wewe ni mke wangu."

"Ulikuwa unadanganya?"

"Hapana."

Yaya akakata simu. "Andika lile lenye nguvu," akaniambia.

Nikaandika Ehefrau, nikijua vizuri kwamba kuna mtu kule atalaza karatasi mbili pamoja na kuamini moja. Nikamweleza hivyo, sikumficha.

Akaniomba nimsomee lile neno. Akalirudia, mara ya pili, ya tano, mpaka likakaa sawa mdomoni.

"La nini?" nikamuuliza. "Limeshaandikwa."

"Siku wakituita kwenye biro yao, nitajibu mimi. Yeye abaki na woga wake wa dhambi."