Nilimgongea Alama ya Uongo kwenye Bolti za Ndege Yake

Admin, ukiposti hii usiweke hata herufi moja ya jina langu. Huku Majengo tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, na kwa miaka kumi na mmoja nimeuza bolti, nati na vyuma vya mtumba katika kibanda nilichoachiwa na baba. Wengine hushangaa kuona mwanamke akishinda na vyuma, lakini mimi nikifumba macho nikashika bolti, nitakuambia saizi yake. Sijisifu. Nataka mjue kwamba nilichofanya sikukifanya kwa kutojua.

Nina mteja nitakayemwita Fundi. Ni dereva mstaafu anayeishi mtaa wa Tena, na nyuma ya nyumba yake anajenga ndege. Ndege ya kweli, ya mtu mmoja, ya mbao na mabomba, mabawa yake yamefunikwa kitambaa alichoshona mke wake kwa cherehani. Mimi hununua magunia ya vyuma kutoka kwa watu wanaovunja ndege ndogo zilizochakaa, na humo hutoka bolti za ndege zenyewe, zenye alama ya msalaba kichwani. Chuma chake ni kigumu, si kama bolti ya kitanda. Fundi alikuwa akija na daftari la shule, anachagua moja moja, anapima, anauliza. Vijana wa vibanda vya jirani walimsumbua sana. "Pilot! Leo unaruka ama utaruka tu mtaro?" Yeye alicheka nao. Mimi nilicheka akishaondoka, na hilo nalo linanichoma.

Asubuhi moja alifika hata sijamaliza kupanga meza. Alitaka bolti nane za saizi moja, za kushikilia mabawa kwenye mwili wa ndege. Nilimwaga mkebe nikapata tano. Sasa, wafanyabiashara wenzangu mnajua: mteja wa kwanza ukimwacha aende mikono mitupu, siku nzima inakauka. Baba alinilea na imani hiyo. Heri umuuzie kwa hasara kuliko aondoke bure. Nilikuwa na bolti za kawaida za saizi ileile, zimepakwa rangi ileile. Zilikosa msalaba tu.

Nikamwambia, "Ngoja kidogo mzee, nikuangalilie huko nyuma." Nikaenda nyuma ya kibanda, nikachukua patasi na nyundo, nikagonga msalaba kwenye vichwa vya bolti tatu. Nikazipaka grisi ili alama zisionekane mpya. Nikamletea nane zikiwa zimechanganyika. Alinishukuru kama mtu niliyemponyea mtoto.

Mtaniuliza roho yangu ilikuwa wapi. Ukweli ni kwamba sikuamini ile ndege itawahi kutoka pale nyuma ya nyumba. Nilijiambia ni mzee wa watu anapitisha siku zake za kustaafu, bolti zitakaa kwenye mbao zipate kutu. Nani amewahi kuona ndege ya Tena ikiruka? Hivyo ndivyo nilivyolala usingizi miezi yote hiyo.

Wiki iliyopita alikuja tena, ila hakuja kununua. Alitoa simu akanionyesha video. Ndege iko kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, injini inanguruma, inakimbia, na magurudumu yanaachana na ardhi. Kidogo tu, kimo cha meza, kisha inatua. Mke wake anasikika akipiga vigelegele. Fundi aliniambia, "Hiyo ilikuwa ya kujaribu tu. Jumamosi ya wiki ijayo naenda juu kabisa. Na wewe lazima ukuje, umenisaidia sana."

Nikajikaza nikamuuliza, "Mzee, zile bolti za mabawa ulizikagua vizuri?"

"Za wengine nilicheki zote, moja moja, na lenzi," akasema. "Zako nilifunga tu. Wewe huwezi niuzia kitu fake."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Kilichotoka ni, "Mungu akulinde, mzee." Akaniaga akaenda zake, na mimi nikauza siku ile yote kama mtu mzima mwenye akili zake.

Tangu hapo napiga hesabu tu. Nikimwambia, itabidi wapasue kitambaa cha mama wa watu ili kuzifikia, na yeye atajua nilikaa nyuma ya kibanda nikigonga uongo kwa nyundo. Mafundi wote wananunua kwangu kwa sababu ya jina la baba. Likisikika hili, kibanda kimekwisha, na wanangu wanakula kutoka hapo. Nimefikiria kumtumia ujumbe kwa namba ngeni, lakini ataamini namba asiyoijua aache kuniamini mimi? Na wapendwa, hebu niseme lile baya zaidi: kuna saa najikuta naogopa aibu yangu kuliko ninavyoogopa kifo chake. Sikujua mimi ni mtu wa aina hiyo.

Tafadhali msiniambie niombe. Nimeomba, na nikisema amina bolti bado ni zilezile. Leo ni Alhamisi. Asubuhi hii mke wake amenipigia, sauti imejaa furaha, akiniuliza kama nitapenda kukaa mbele pamoja na familia siku hiyo, na nimemjibu ndiyo.

Ndugu zangu, nishaurini. Naanzaje kumwambia mtu huyu?