Fimbo ya Marehemu na Alama Iliyoteleza

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa humu. Kazi yangu hapa Voi ni kupiga video za harusi na mazishi na kuzichoma kwenye DVD. Watoto wananicheka, eti nani bado ana deki ya DVD? Wapande milimani wakaone. Deki ziko, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na hakuna wa kuzigusa ila mwenye nyumba.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja wa Wusi, huko mlimani. Kiharusi kilimwachia ulimi lakini kikamnyang'anya majina yote, hata ya watoto wake. Akaniita nimrekodi akigawa shamba. Watoto watatu waliketi kwenye benchi moja: kaka mkubwa, binti katikati, na kitinda mimba. Mzee alianza na mkubwa: alimnyooshea fimbo, akaishusha mapajani, ndipo akasema, "Wewe, pale juu penye mawe." Fimbo kwanza, neno baadaye, hivyo hivyo kwa wote. Binti alikuwa ameachika, akiishi na wanawe kule bondeni kando ya kijito, na kila mtu alijua kaka mkubwa analitamani bonde hilo.

Mzee alipokwisha kuzikwa, familia wakataka DVD yenye chapta tatu, ili mbele ya wazee wa kijiji mtu abonyeze namba na kila mtoto aone fungu lake. Nikaichoma mbio mbio, maana nilikuwa na harusi Bura, nikampa kaka mkubwa.

Siku yenyewe ya kikao, asubuhi, nikaiweka nakala yangu niitazame huku nikinywa chai. Nikabonyeza mbili. Mzee akatokea, fimbo tayari iko mapajani, akasema, "Wewe, bondeni mpaka kwenye kijito."

Wewe nani? Chai ilinimwagikia na sikuisikia.

Nieleze kidogo. Baba yangu alikuwa wa reli, na mimi nilikua nikitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli. Video iliyokandamizwa, yaani kubanwa iwe ndogo, iingie kwenye DVD ni hivyo hivyo: kuna picha moja kamili, halafu nyingi zinazokumbuka tu kilichobadilika, halafu kamili tena. Chapta husimama kwenye picha kamili tu, kama mguu kwenye taruma. Ukiiweka alama ya chapta kabla ya kukandamiza, mashine inakutengenezea picha kamili papo hapo. Mimi niliiweka baadaye, kwa haraka zangu, na kompyuta ikaisogeza mpaka taruma la mbele. Ilikuwa nusu sekunde tu, lakini alama niliiweka pale fimbo ilipokuwa imesimama kwa binti, na ndani ya nusu sekunde hiyo ikashuka.

Kuchoma upya kungenila muda wa saa tatu, na kikao kilikuwa saa sita. Nikapanda pikipiki. Njia nzima ya mlimani nilikuwa nikipiga hesabu. Nikinyamaza, yule binti na wanawe wanafukuzwa. Nikisema, watadai mashine yangu ni ya uongo, na maneno yote ya marehemu yanaanguka pamoja nami. Nikamkumbuka bibi yangu: hakuthubutu kumkatiza mzee anayekufa, hata akiwa anakohoa tu. Alisema anayekata neno la mwisho la mtu, litamtafuta. Na mimi nilikuwa nimelikata.

Nilipofika, televisheni ilikuwa imewekwa dirishani, watu wamejaa uani, rimoti iko kwa kaka mkubwa. Alikuwa ameshabonyeza mbili.

"Mmesikia wenyewe?" akasema. "Alikuwa bado anaongea na mimi. Juu na bondeni."

"Kaka, mbona fimbo haionekani?" binti akauliza.

"Si hiyo hapo mapajani? Ama unataka ikuchape ndio uione?"

Watu wakacheka. Nikajipenyeza mpaka mbele, nikasema. "Chapta ya pili imeteleza. Kosa ni langu. Rudisha nyuma kidogo."

Akanigeukia polepole. "Mzee wa video, kama mashine yako inahamisha alama, itashindwa kuhamisha fimbo?"

Hapakucheka mtu. Nikaona wazee wakitazamana. Ndilo neno lenyewe nililokuwa nikiliogopa njia nzima.

Basi shangazi yao, dada wa marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akasema, "Iwasheni kutoka mwanzo. Namba msiguse. Kaka yangu hakuongea kwa namba."

Ikawashwa. Fimbo ikaenda kwa mkubwa, ikashuka, neno likatoka. Ikainuka tena, ikitetemeka, na mle kwenye picha kaka mkubwa akayasogeza magoti yake pembeni, kuipisha. Ikampita, ikasimama kifuani kwa dada yake, ikashuka. "Wewe, bondeni mpaka kwenye kijito."

"Hayo magoti," shangazi akamwambia, "nayo yamehamishwa na mashine?"

Akaweka rimoti kwenye benchi, akatoka nje bila kuaga.

Binti hakushangilia. Alinishika mkono. "Mzee wa video," akaninong'oneza, "na kama pikipiki ingeharibika?"

Siku hizi alama naziweka kabla ya kukandamiza, halafu nabonyeza kila namba mwenyewe, moja moja. Na bado nikifika ya pili, hata iwe harusi na watu wanakata keki, natazama kwanza mikono yao iko wapi.