Ukindu Uliofika Kibera kwa Miguu

Saa mbili asubuhi, Jumanne ya katikati ya Januari 2008, hodi inapigwa kwenye lango la mabati la Fatna, mtaani Makina, Kibera. Ndani kimya. Tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe na ghasia za kikabila kuzuka, hodi husikilizwa kwanza kabla ya kuitikiwa.

"Ni nani?" Fatna anauliza, mkono ukiwa juu ya komeo.

"Ni mimi."

"Wewe nani? Siku hizi kila mtu ni mimi!"

"Mwongeli, bibi ya Makau wa majani. Fungua mama, mzigo utanivunja shingo."

Komeo linaruka. Nje amesimama mwanamke ambaye Fatna hajawahi kumwona. Miguu yake imejaa matope. Mgongoni ana furushi karibu sawa na kimo chake, na ukanda wa mzigo umemkaza kwenye paji la uso. Ametembea kutoka Kabiro, Kawangware.

"Umepitia wapi na barabara zimefungwa?"

"Usiniulize. Nimepita."

Fatna anapiga kigelegele, kisha anajiziba mdomo upesi. Majirani wanachungulia, wakidhani kuna habari ya amani. Kwake ni karibu hivyo hivyo: ukindu umefika!

Fatna, mwenye umri wa miaka 47, anasuka makawa, vifuniko vya chakula vya duara ambavyo Wanubi wenzake wa Kibera huviita tabaga. Kazi hiyo alifundishwa na nyanya yake. Kawa kubwa humchukua wiki mbili na kumpa shilingi elfu mbili, na kwa hayo amelea watoto wanne. Safari hii hakuwa na wiki mbili. Alikuwa na siku tano.

Iman, binti wa jirani, anaolewa Jumapili. Kwa desturi ya nyumba hizi, chakula cha kwanza cha bi arusi huingizwa chini ya kawa jipya, nalo hubebwa na mkono uliolisuka. Tangu Iman akiwa mtoto, Fatna alimwahidi kawa lake. Ndugu wa Iman waliposhauri arusi iahirishwe, Fatna ndiye aliyekataa.

"Niliwaambia, tukianza kuahirisha furaha, tutaahirisha mpaka lini?" anasema.

Tatizo lilikuwa ukindu. Haya ni majani ya mkindu, ndugu mwitu wa mtende, unaomea penye maji huko Makindu, Ukambani.

"Mtende unasifiwa kwa tende," Fatna anaeleza, macho yakimng'aa. "Mkindu, tende zake ni vitu vya watoto na ndege. Lakini jani lake! Unasuka mkeka, unasuka kikapu, unasuka kawa. Vipande vilivyobaki unafunga fagio. Hakuna cha kutupa."

Anayemletea ni Makau. Krismasi alienda kwao, akakwama huko. Mzigo wa Fatna ulibaki chini ya kitanda chake Kawangware.

"Alinipigia simu akaniambia kuna mama Kibera ana arusi," anasimulia Mwongeli. "Nikajiambia, hata mimi niliolewa. Nikafunga mzigo."

Lakini furushi linapofunguliwa, uso wa Fatna unabadilika. Karibu nusu ya majani si majani tena. Yamesokotwa kuwa kamba.

Mwongeli ni msukaji wa viondo, vikapu vya kamba vya Ukambani. Kwao mwanamke hakai bure. Hata akipiga gumzo, anasokota katani kwenye paja lake. Siku zile za kujifungia ndani, katani ilipoisha, aliingiza mkono chini ya kitanda.

"Nje ni kelele, watoto wanalia, mimi naogopa," anasema. "Mikono ikajitafutia kazi. Sikujua hayo majani ni ya kukaa hivyo hivyo."

"Yaani nyinyi Wakamba mkiona jani mnaona kamba tu?" anafoka mama yake Iman, aliyekuja mbio kuona mzigo.

Hakuna anayecheka. Jani lililosokotwa halirudi kuwa bapa, na lisilo bapa halifuniki kitu. Fatna anatoka nje na kusimama kando ya tangi la maji. "Nilitoka nisije nikamwambia neno baya mtu aliyetembea kwa ajili yangu," anasema.

Anaporudi, anamkuta Mwongeli akiizungusha ile kamba sakafuni ili aifiche. Imejilaza duara, bapa na ngumu, kama chapati.

"Usiiguse!" Fatna anapiga kelele.

Kawa lina utumbo: kitita cha nyasi kinachozungushwa kutoka katikati kwenda nje, kikivishwa na kushonwa kwa ukindu. Nyasi hizo Fatna huzikata kando ya Bwawa la Nairobi, na wiki hiyo hakuna aliyethubutu kufika huko. Sasa utumbo umelala sakafuni kwake, umekazwa kuliko nyasi yoyote.

"Mama, umeniletea utumbo na ngozi pamoja!" anasema, na hapo ndipo chumba kizima kinapoangua kicheko.

Kesho yake maandamano yanaanza. Mwongeli hawezi kurudi. Watoto wake wako kwa jirani yake, Lenah, na kila jioni anawapigia simu kwa sauti ya chini. Fatna anamshika bega.

"Siku barabara ikitulia, mimi mwenyewe nitakufikisha Ngong Road, nje kabisa ya Kibera. Hapa wananijua. Ukiwa na mimi, hakuna atakayekuuliza wewe ni wa wapi."

Kisha wanafanya kazi. Mmoja anasokota, mwingine anashona.

"Walikuwa kama wasichana," Iman anasema akicheka. "'Kaza basi, ama hukukula?' 'Wewe shona, wacha mdomo!' Mpaka nikasahau kuogopa."

Jumamosi kawa linakamilika, jekundu na kijani, nyota nyeusi zikizunguka ukingo. Fatna analigonga kwa kidole. Linalia kama ngoma.

Jumapili, msafara wa bwana arusi unachelewa kutoka Majengo. Saa sita inapita. Saa tisa, Lenah anapiga simu: njia imetulia, lakini hakuna ajuaye mpaka lini. Mwongeli anafunga leso yake. Fatna tayari amevaa gauni la sherehe.

"Ngoja kidogo, wako karibu," anasihi mama yake Iman. "Ama tutume kijana ampeleke."

"Kijana hakumwahidi. Mimi ndiye nilimwahidi."

Anaingia ndani, anambusu Iman kwenye paji la uso, na kumkabidhi mama yake kawa. Hajawahi kukosa kubeba kawa la arusi alilolisuka.

Njiani wanazungumza haraka, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Makau akirudi, alete mizigo miwili. Fatna ataenda Kabiro kuwafundisha wanawake kumi kusuka makawa, nao watawafundisha wa Makina viondo. Mwongeli ataleta miche ya mkindu, waipande penye maji.

Wako karibu na mwisho wa Makina vigelegele vinapolipuka nyuma yao. Chakula kinaingia.

Mwongeli anasimama. "Rudi, mama. Bado utawahi. Mimi nimeshafika."

Fatna anageuka, anasikiliza mpaka sauti zinashuka. Kisha anamshika mkono.

"Hapa si Ngong Road," anasema. "Twende."